Kahawa Kali: Kutafuta Chanzo cha Kasoro ya Ladha katika Ukaangaji wa Buni

Mtu anayesema kahawa yake ni kali hajasema jambo ambalo mkaangaji anaweza kulifanyia kazi, kwa sababu neno hilo moja hubeba kasoro tatu zenye vyanzo tofauti na tiba zinazopingana. Kuna uchachu, ule wa ukwaju au embe bichi, unaochuruzisha mate. Kuna uchungu, ule wa mwarobaini au shubiri, unaobaki kooni baada ya kumeza. Na kuna ukakasi, ule wa ndizi mbichi au bibo lisiloiva, ambao kwa kweli si ladha bali ni hali ya kinywa kukauka na ulimi kukwaruza. Anayekutana na uchachu akadhani ni uchungu ataepua buni mapema zaidi safari ijayo, na kikombe cha pili kitamshinda kuliko cha kwanza.

Kwa hiyo uchunguzi huanzia mdomoni. Pika kahawa hiyo bila sukari, bila tangawizi na bila iliki, iache ifikie uvuguvugu, kisha ionje, kwa kuwa kahawa ya moto sana huficha kasoro zake. Ukishajua ni ipi kati ya hizo tatu, au ukigundua kwamba shida si yoyote kati yake bali kahawa haina ladha kabisa, ndipo utakapojua uangalie wapi.

Maelezo yanayofuata yanamlenga mtu anayekaanga gramu 100 hadi 300 za buni kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa au la gesi, ingawa anayenunua kahawa iliyokwisha kukaangwa naye ataweza kutambua kama kosa ni la mkaangaji au ni la mpishi.

Yanayotokea kikaangoni

Buni iliyokaushwa vizuri hubaki na unyevu wa asilimia 10 hadi 12, na dakika za mwanzo hutumika kuutoa unyevu huo. Punje huacha ukijani na kuwa njano, na harufu yake hufanana kwanza na nyasi zilizoanikwa, halafu na mkate ulio jikoni. Joto la punje likipita takriban nyuzijoto 150, sukari na chembe za protini zilizomo huanza kuungana na kuzaa rangi ya hudhurungi pamoja na sehemu kubwa ya yale manukato tunayoyaita harufu ya kahawa. Karibu na nyuzijoto 196 hadi 205, mvuke na gesi ya kaboni vilivyojazana ndani huipasua punje kwa mlio kama wa bisi. Huo ni mpasuko wa kwanza, na kabla yake hakuna kahawa ya kunywa. Moto ukiendelea hufuata kimya, kisha, karibu na nyuzijoto 224 hadi 230, huja mpasuko wa pili ulio mwembamba na wa haraka zaidi, kama vijiti vikavu vinavyovunjwa kwa mkono, na muda mfupi baadaye mafuta huanza kung'aa juu ya punje.

Kahawa iliyoepuliwa mpasuko wa kwanza unapomalizika ni nyepesi; iliyoepuliwa katika kile kimya ni ya wastani; iliyoufikia mpasuko wa pili au kuupita ni nzito. Katika ile nyepesi husikika shamba: asidi zilezile zinazopatikana katika malimau na matofaa bado zipo, na tofauti kati ya kahawa ya mlima mmoja na ya mlima mwingine ni dhahiri. Katika ile ya wastani asidi hizo zimepungua na utamu wa sukari iliyoungua kidogo umejitokeza, pamoja na ladha za njugu na kakao. Katika ile nzito jiko limelifunika shamba, kiasi kwamba kahawa ya Mbozi na ya Kiambu zilizokaangwa hivyo huwasumbua hata wazoefu kuzitofautisha.

Wengi hupima kiwango kwa rangi, na hapo ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu rangi huonekana nyeusi zaidi usiku chini ya taa dhaifu, na kwa sababu ngozi ya punje haisemi lolote kuhusu moyo wake. Mizani ndogo ya jikoni ni shahidi bora. Pima buni kabla ya kukaanga na upime tena ikishapoa: gramu 200 zikirudi zikiwa takriban 175, umepoteza asilimia 12 au 13 na kahawa ni nyepesi; zikirudi kati ya 168 na 172, ni ya wastani; zikiwa 164 au chini ya hapo, ni nzito. Ikiwa macho yanasema ni ya wastani na mizani inasema ni nyepesi, iamini mizani, kwa sababu maana yake ni kwamba nje imeungua huku ndani kukiwa bado na maji.

Uchachu unaokunja uso

Kabla ya kukilaumu kikaango, jiulize kama uchachu huo ni kasoro. Kahawa za Kenya za aina ya SL28 na SL34, ambazo zilichaguliwa na maabara ya Scott jijini Nairobi katika miaka ya 1930, huthaminiwa duniani kwa sababu ya uchachu wake wenye utamu wa matunda, na anayezikaanga mpaka uchachu huo ufe ametupa kile alichokilipia. Uchachu mzuri huja pamoja na utamu, kama wa chungwa au zabibu, na huondoka kinywani upesi. Uchachu mbaya hauna utamu wowote nyuma yake na mara nyingi huandamana na ladha ya majani, maharage mabichi au pumba.

Ukiwa ni huo wa pili, chukua punje moja iliyokaangwa uitafune. Punje iliyoiva huvunjika kwa urahisi kama biskuti. Iliyo mbichi hugoma, hunata kidogo kwenye meno, na huacha ladha ya nafaka. Kisha saga punje chache na ulinganishe rangi ya unga na rangi ya punje nzima: tofauti ndogo ni ya kawaida, lakini unga ukiwa mweupe zaidi kwa kiasi cha kukushtua, basi moto ulikuwa mkali mno, ukaiharakisha ngozi na kuuacha moyo nyuma. Hapo tiba si kukaanga hadi iwe nyeusi zaidi. Tiba ni kupunguza moto katika dakika za mwanzo ili joto lipate muda wa kuingia, mpasuko wa kwanza uje katika dakika ya 8 hadi ya 11 badala ya dakika ya 5, na baada ya mpasuko kuanza uipe buni dakika 2 au 3 kabla ya kuiepua. Buni za nyanda za juu, kama zile za miteremko ya Kilimanjaro au za Mbinga, ni ngumu na nzito kuliko za mabondeni na huhitaji moto wa kutosha ili kuiva hadi ndani. Kiasi cha moto kilichozitosha punje laini hakitazitosha hizi.

Ikiwa punje inavunjika vizuri na unga unafanana na ngozi, kosa halikufanyika kikaangoni bali katika upishi. Kahawa nyepesi ni ngumu kuitoa ladha yake, kwa sababu punje zake hazikuvimba na kupasuka sana kama za kahawa nzito, na maji hayapenyi kwa wepesi. Isage laini zaidi, tumia maji ya moto zaidi, na upike tena bila kubadilisha kipimo, mathalani gramu 60 za kahawa kwa lita ya maji. Uchachu ukigeuka utamu, umepata jibu na huna haja ya kubadilisha ukaangaji wako.

Hapa mwinuko wa mahali unapoishi una neno. Maji huchemka kwa takriban nyuzijoto 100 Dar es Salaam, lakini Nairobi na Mbeya, ambako mwinuko ni karibu mita 1,700, huchemka kwa takriban nyuzijoto 94 na hayapandi zaidi hata yakiachwa jikoni hadi magharibi. Ushauri unaorudiwa mara kwa mara, kwamba maji yakichemka yasubiri dakika moja au mbili yapoe kabla ya kumiminwa, unamfaa mtu wa pwani. Mkazi wa Nairobi akiufuata kwa kahawa nyepesi atamimina maji yaliyoshuka hadi kwenye 88 au chini yake, kisha ataulaumu ukaangaji kwa uchachu aliouleta mwenyewe. Wasaudia hukaanga kahawa yao nyepesi sana, hata kinywaji kikawa na rangi ya dhahabu, lakini huichemsha kwa muda na kuitia iliki, na uchemshaji huo ndio unaofidia wepesi wa ukaangaji. Kiwango cha ukaangaji peke yake hakina uzuri wala ubaya mpaka kikutane na namna ya kupika.

Uchungu unaobaki kooni

Uchungu una vyanzo vingi kuliko kasoro nyingine yoyote, na baadhi yake havihusiani kabisa na kukaanga sana. Anza kwa kuzitandaza punje kwenye karatasi nyeupe mchana na kuzitazama upande wa bapa. Ukiona madoa meusi kama ya sigara, hasa upande mmoja, au ukaona ncha za punje zimeungua huku mwili ukiwa hudhurungi ya kawaida, buni zako ziliungua kwa kugusa chuma. Hili ndilo kosa kuu la kikaango, na ndilo linalowapotosha watu zaidi, kwani kikombe chake huwa na uchungu wa masizi na uchachu wa ubichi kwa wakati mmoja, na mnywaji hashiki ni kipi kinamkera. Chanzo chake ni kikaango kilichoachwa kipate moto kupita kiasi kabla ya kutia buni, au sufuria nyembamba ya alumini inayopata moto mahali pamoja, au mwiko uliopumzika wakati mkono ulipochoka. Chuma kizito cha kusubu hugawa joto vizuri zaidi. Hata hivyo, chombo kizuri hakimwondolei mtu wajibu wa kukoroga bila kusimama tangu mwanzo hadi mwisho, na asiyeweza kukoroga kwa dakika 12 ni bora apunguze kiasi cha buni au atafute msaidizi.

Makapi nayo yasisahauliwe. Ile ngozi nyembamba inayobambuka wakati wa mpasuko wa kwanza huanguka chini ya kikaango, huungua, na moshi wake huingia katika kahawa. Kuyapuliza yatoke, ukiwa nje ya nyumba, kunatosha.

Punje zikiwa safi, sawa na zisizo na madoa, lakini kahawa bado ni chungu, angalia muda uliopita tangu uepue mpaka zipoe. Buni iliyo kwenye nyuzijoto 215 haiachi kujikaanga kwa sababu tu umezima jiko. Ikibaki ndani ya kikaango cha moto, itasogea kutoka wastani hadi uzito ukiwa umekwisha kugeuka kutafuta chombo cha kuiwekea. Imwage mara moja kwenye ungo au chujio pana la chuma, ipepete na kuipunga, na ihakikishe imepoa kwa kuigusa ndani ya dakika 4. Ungo, kwa maoni yangu, hauna mpinzani katika kazi hii, kwa sababu hupoza buni na kutenga makapi yaliyobaki kwa mkupuo mmoja.

Kisha kuna uchungu wa kiwango chenyewe. Buni ina asidi nyingi za jamii ya klorojeni, ambazo moto huzivunja hatua kwa hatua. Katika ukaangaji mwepesi na wa wastani huzaa uchungu mpole ambao wengi huufurahia, lakini moto ukiendelea hadi mpasuko wa pili na kuupita, mazao hayo nayo huvunjika na kuzaa uchungu mwingine, mzito na unaodumu kinywani. Ukiupenda mwili mnene wa kahawa nzito bila uchungu huo, epua mara tu usikiapo milio michache ya kwanza ya mpasuko wa pili. Katika eneo hilo sekunde 20 zina uzito kuliko dakika 2 za mwanzo. Upike pia kwa maji yaliyopoa kidogo, nyuzijoto 88 hadi 90, na usage kwa chembe kubwa zaidi, kwa sababu kahawa nzito hutoa kila kilichomo upesi, kizuri na kibaya.

Nisieleweke kwamba uchungu ni ugonjwa popote unapoonekana. Kahawa chungu ya barazani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, hukaangwa nzito makusudi, hutwangwa, huchemshwa, mara nyingi kwa tangawizi, na hunywewa katika vikombe vidogo pamoja na kashata, tende au halua. Uchungu wake umepangwa ukutane na utamu huo. Kinachoiharibu si kiwango cha ukaangaji bali ni dele, yaani birika la kahawa, kukaa juu ya makaa saa tatu mfululizo, jambo linalozidisha uchungu na kuongeza ukakasi. Anayeuza jioni nzima atapata kahawa bora akipika mara mbili kidogo kidogo kuliko akipika mara moja kwa wingi.

Mwisho, hakikisha unajua unakaanga nini. Robusta, ambayo ndiyo kahawa kuu ya Kagera na ya sehemu kubwa ya Uganda, ina kafeini ya takriban asilimia 2.2 hadi 2.7, ilhali arabika ina karibu asilimia 1.2, na pia ina asidi nyingi zaidi za klorojeni na sukari kidogo. Itakuwa na uchungu zaidi katika kila kiwango. Anayeikaanga nyepesi akitumaini kupata ladha za matunda za kahawa ya Kenya atapata nafaka na mpira ulioungua. Ikaange wastani wa kuelekea uzito, uiache isifike kwenye mafuta, na itakupa kahawa nene yenye ladha ya kakao.

Hapa pia nijibu malalamiko ya wale wanaosema kahawa yao nyeusi haiwafukuzii usingizi, au kwamba ile nyepesi ni dhaifu. Kafeini huvumilia moto, na haibadiliki sana kati ya kiwango kimoja na kingine. Kinachobadilika ni uzito na ukubwa wa punje: kahawa nzito imepoteza maji na kuvimba, kwa hiyo kijiko chake kimoja kina gramu chache kuliko kijiko cha kahawa nyepesi. Anayepima kwa kijiko atapata kafeini pungufu katika ile nyeusi. Anayepima kwa mizani hataona tofauti ya maana.

Ukakasi

Ukakasi ni nadra kuwa peke yake. Ukija pamoja na uchachu wa majani, rudi kwenye buni ambayo haikuiva ndani. Ukija pamoja na uchungu, unga umesagwa laini mno au umekaa na maji kupita kiasi, na vumbi la kahawa limemiminwa kikombeni. Iache itulie, au tumia kitambaa. Ukibaki hata baada ya kurekebisha hayo yote, chunguza kama matunda yalivunwa kabla ya kuiva, jambo ambalo linatupeleka kwenye rangi.

Punje za rangi tofauti katika kikaango kimoja

Ukikuta punje chache zimebaki njano au kahawia hafifu kama njugu katikati ya wenzake walioiva, hata baada ya kukoroga vizuri, hizo zilitoka katika matunda mabichi. Hazikuwa na sukari ya kutosha ya kuzaa rangi, na hakuna moto utakaozirekebisha. Ladha yake ni ya karatasi au karanga kavu, na tano au sita katika kikombe zinatosha kukidhoofisha. Ukiwa na buni mbichi mkononi ni vigumu kuzitambua, lakini zikishakaangwa hujitaja zenyewe, kwa hiyo zichambue hapo ungoni. Nazitaja kwa sababu kila mara nimeona watu wakiendelea kuikaanga buni nzima ili hizo chache zifikie rangi ya nyingine, wakaishia na kahawa iliyoungua yenye punje chache za njano.

Tofauti ikiwa ni ya ngazi kwa ngazi, yaani nyeusi, hudhurungi na kahawia kwa pamoja, angalia ukubwa. Buni isiyopangwa madaraja huchanganya punje kubwa na ndogo, na ndogo huiva kwanza. Madaraja ya AA na AB, ambayo wengi huyachukulia kuwa ni ya ladha, ni ya ukubwa wa punje, na faida yake kubwa kwa mkaangaji ni usawa. Ile PB, yenye punje moja ya mviringo badala ya mbili bapa ndani ya tunda, huviringika kikaangoni na kuiva kwa usawa kuliko zote, na kwa anayeanza kujifunza juu ya jiko la mkaa ningemshauri aanze nayo. Usikaange pamoja buni za mavuno mawili au za mashamba mawili. Kaanga kila moja peke yake, uzichanganye baadaye.

Kahawa isiyo na ladha

Hii ndiyo kasoro inayonisumbua kueleza, kwa sababu haina alama ya nje. Punje ni nzuri, rangi ni sawa, mizani haina malalamiko, lakini kikombe ni kama maji yaliyopitishwa katika mkate wa juzi. Hakuna uchachu, hakuna uchungu wa kutaja, na harufu haipo.

Niliwahi kukaanga kilo nzima ya buni kwa mara moja katika sufuria kubwa kwa ajili ya hitma. Buni nyingi zilinyonya joto lote la jiko, zikakaa katika unjano kwa muda mrefu, mpasuko wa kwanza ukaja kwa kujikokota, mlio mmoja hapa na mwingine pale, na nilipoepua dakika 35 zilikuwa zimepita. Rangi ilikuwa ya kupendeza kuliko kahawa yoyote niliyowahi kukaanga. Wageni walikunywa kwa adabu.

Kilichotokea ni kwamba buni ziliokwa badala ya kukaangwa. Joto la punje linatakiwa lipande wakati wote, hata kama ni polepole. Likisimama, hasa karibu na mpasuko wa kwanza au baada yake, asidi na manukato hupotea bila utamu kuzaliwa mahali pake. Sababu za kawaida ni buni nyingi kuliko uwezo wa jiko, mkaa uliokwisha nguvu kabla ya kazi kuisha, na ile hofu ya kuunguza inayomfanya mtu apunguze moto kabisa asikiapo mlio wa kwanza. Punguza kidogo, usizime. Ukiwa na mkaa, uwe umewaka wote kabla ya kuanza, na kaanga gramu 200 mara tano badala ya kilo mara moja. Mpasuko mzuri husikika kwa wingi na kwa pamoja, mithili ya bisi zilizokolea. Mpasuko wa kusuasua ni onyo kwamba moto umeishiwa.

Chanzo cha pili cha kahawa isiyo na ladha ni umri. Kahawa iliyokaangwa hupoteza manukato yake kwa wiki, na iliyosagwa hupoteza kwa siku, wakati mwingine kwa saa. Nzito huzeeka mapema kuliko nyepesi, kwa sababu vinyweleo vyake vimepanuka na mafuta yake yako nje, yakikutana na hewa. Punje zikiwa zinang'aa mafuta siku ileile uliyoepua, ulikaanga nzito sana. Zikianza kung'aa baada ya siku kadhaa, inaweza kuwa ni kahawa ya wastani ambayo mafuta yake yamesogea nje taratibu, na hilo si kasoro. Lakini zikinuka kama mafuta ya kupikia yaliyochacha, hakuna cha kuokoa. Upande wa pili, kahawa iliyotoka kikaangoni saa hiyohiyo nayo husumbua: gesi ya kaboni iliyomo huyasukuma maji yasipenye, na kikombe huwa chembamba chenye ukali wa ajabu. Ipe nzito siku 2 au 3, na nyepesi siku 7 au zaidi, katika chombo kinachozuia hewa kuingia lakini kisichobana kiasi cha kuzuia gesi kutoka.

Kasoro ambazo kikaango hakizijui

Kahawa ikinuka ukungu, udongo au gunia, iliharibika wakati wa kukaushwa au kuhifadhiwa. Buni iliyoanikwa chini kwenye ardhi tupu badala ya vichanja, au iliyowekwa ghalani ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 12, huonyesha hilo mapema: inuse ikiwa mbichi, uitazame kama ina mabaka meupe au rangi iliyofifia. Buni nzuri hunuka nyasi kavu. Punje zenye vitundu vidogo zimetobolewa na ruhuka, mdudu wa mibuni, na zichambuliwe kabla ya moto kwa kuwa huungua haraka kuliko nzima. Kukaanga nzito hufunika kasoro hizi kwa kiasi, na ndiyo maana buni duni mara nyingi huuzwa ikiwa imekaangwa nyeusi, lakini ukungu huvuka hata masizi.

Kasoro moja huwafikia hasa wanywaji wa kahawa ya Rwanda na Burundi, na pia mashariki ya Kongo na sehemu nyingine za ukanda wa maziwa makuu: kikombe kinachonuka kiazi mviringo kibichi kilichomenywa sasa hivi. Inahusishwa na wadudu wa jamii ya Antestiopsis wanaolitoboa tunda na kulifyonza shambani. Hutokea kwa punje moja moja, haionekani kwa macho katika buni iliyokwisha kukaangwa, haiondolewi na kiwango chochote cha ukaangaji, na hujitokeza pale tu punje hiyo inapovunjwa. Haina madhara kwa mnywaji. Kwa hiyo anayekaanga kahawa ya huko asage kiasi cha kikombe kimoja kimoja, anuse unga kabla ya kumimina maji, na akikuta harufu ya kiazi amwage unga huo peke yake. Kahawa iliyobaki katika mkebe huenda ni nzuri kabisa, ila kinu kifutwe kwanza kabla ya kusaga tena.